Wakala, Pochi na Maharage ya Mama

Jumatatu, 5 Januari 2026

Nimepata kazi! Si kibarua. Kazi. Ina mkataba, ina cheo: Mwandishi wa Nyaraka. Mkataba ni wa majaribio, wiki mbili, lakini hilo hakuna haja ya kumwambia mtu.

Niandike vizuri, maana siku moja watu watataka kujua Tumainieli alianzaje. Kuna mradi umeingia kwetu milimani, juu ya Makanya, kwenye ndiva ya Kwa Mzava. Kama anayesoma ni mtu wa Dar: ndiva ni bwawa la udongo walilochimba mababu zetu. Maji ya kijito yanakusanywa humo, asubuhi kizibo kinafunguliwa, maji yanashuka mashambani kwa zamu. Miaka yote zamu zimepangwa na Mzee Zebedayo, msimamizi wa maji, kwa kichwa chake mwenyewe na sauti yake mbaya. Sasa basi! Zamu zimegeuzwa sarafu ya kidijitali. Sarafu inaitwa Tone. Tone moja, zamu moja. Kila mkulima ana pochi ndani ya simu yake, hata iwe kitochi, na pochi zote zitasimamiwa na wakala wa akili bandia, ambaye halali, hali, na hana shemeji.

Kazi yangu ni kumwandikia wakala maelezo ya zana zake kwa Kiswahili. Ipo zana ya kuangalia pochi, ya kusogeza zamu, ya kufunga pochi. Bosi wangu, dada Careen, yuko Moshi. Ameniambia kwa simu kwamba wakala hajui chochote kuhusu Upare, atajua nitakachomwandikia tu. Kila zana niseme inafanya nini, itumike lini, isitumike lini, na nitoe mfano. Akarudia: niwe mwangalifu na mifano, wakala anaifuata kama amri. Nikamwambia mimi na mifano ni ndugu.

Jambo moja limeniharibia siku. Loth naye kaajiriwa! Loth, mtoto wa baba yangu mdogo, mwenye steshenari karibu na stendi ya hapa Same, mtu anayetoa fotokopi kwa uso wa daktari. Cheo chake Mjaribu. Atasoma ninachoandika na kuuliza maswali. Watu wote wa wilaya hii, wakamwona Loth.

Jioni mama kapiga simu kutoka juu. Maharage yametoa maua, mvua za vuli zimekata, udongo unapasuka. Zamu yake ni Alhamisi ya wiki ijayo. Anasema Mungu akisaidia yatafika Alhamisi. Ni chakula chake cha mwaka mzima na mbegu yake. Alhamisi! Mama wa Mwandishi wa Nyaraka asubiri Alhamisi kama watu wengine? Nimemwambia atulie, mimi sasa niko ndani ya mfumo. Akauliza mfumo uko upande gani wa mji, aniletee ndizi.

Jumanne, 6 Januari

Sikai, sisimami. Chumba changu hapa Same kina hatua chache tu na nimezipiga zote tangu asubuhi. Upepo unapiga bati. Vumbi limeingia kwenye chai, kwenye kompyuta, kwenye meno. Nimefungua zana ya kusogeza zamu, nimeifunga, nimeifungua. Itumike lini? Nimeandika: mtu akiwa na shida ya kweli. Sasa mfano.

Mfano ukaja wenyewe. Nimeandika: mjane mwenye maharage yaliyotoa maua, zamu yake isogezwe mbele.

Bila jina! Hapo ndipo utamjua mtu mwenye akili. Mwizi wa kawaida angeandika Bi Ernesta wa Kwa Mzava, akakamatwa saa hiyohiyo. Mimi nimeeleza shida tu, na kama shida hiyo inafanana na mama yangu mzazi, lawama ni ya shida.

Nikaongeza mstari wa adabu ili mambo yaonekane safi: wenye shida sawa wakiwa wengi, aliyezidi umri atangulie. Nimelelewa vizuri. Kwetu mkubwa ndiye anayeamkiwa kwanza na kunawishwa mikono kwanza, na wakala lazima ajue yuko kwa watu gani.

Loth kauliza kama wajane ni wengi. Kauliza pia kama mgane, mwanamume aliyefiwa na mke, anahesabiwa humo. Nimemjibu ni kitu kimoja, aendelee na kazi yake. Akaandika hivyo kwenye maelezo. Kwa utiifu kabisa. Sikuupenda utiifu ule.

Jumatano, 7 Januari

Mungu wangu.

Loth kaendesha jaribio. Wakala amemtumia kila mkulima ujumbe: Je, umefiwa na mwenzi wako? Je, una maharage? Je, yametoa maua? Wote tulipanda kwa mvua moja. Maharage yote ya mlima mzima yametoa maua! Na wajane wa Kwa Mzava, nilikuwa nimesahau, wakikusanyika wanajaza kanisa na wengine wanaimbia nje. Wanaume wetu hawana subira ya kuzeeka.

Ratiba mpya imetoka. Wajane wote mbele, wazee zaidi wakitangulia. Mama ana miaka sitini na moja. Miongoni mwa wajane wa Kwa Mzava ni kigoli. Alikuwa wa Alhamisi. Sasa ni wa Ijumaa.

Nimemsogeza mbele, amerudi nyuma. Nimesoma ratiba mara kadhaa, nimegeuza kompyuta, nimetoka nje, nimerudi. Bado Ijumaa.

Mama kapiga kuuliza huyo wakala ni mtoto wa nani, maana amemwuliza habari za marehemu baba bila hata shikamoo. Nikasema nitamfundisha. Hakuniuliza habari za Ijumaa. Nadhani hajaona.

Alhamisi, 8 Januari

Habari zimesambaa kwamba waliofiwa wanapata maji kwanza. Leo asubuhi Mzee Melkizedeki, mzee wa kanisa, mwenye shamba lililopakana na la mama, amemjibu wakala kwamba naye ni mgane. Mke wake, Mama Agape, alikuwa jikoni wakati huo, anapepeta mahindi.

Wakala hana macho. Ameamini. Kwa kuwa Mzee Melkizedeki ndiye mkubwa kuliko wote, amempandisha mpaka juu ya orodha na kumtumia ujumbe wa pole kwa msiba. Ujumbe ulisomwa kwa sauti na mjukuu. Mama Agape akaweka ungo chini. Kuanzia hapo hajapika. Mzee alipouliza chakula, akajibiwa kwamba marehemu hapiki.

Na si yeye peke yake! Mpaka mchana wanaume wengine wa Kwa Mzava walikuwa wameshawaua wake zao kwa meseji. Mlima umefiwa na wanawake wengi kwa siku moja na hakuna kaburi hata moja. Kaka yake Mama Agape, muuguzi kule Gonja, alipata salamu za rambirambi akafunga safari na turubai la msiba. Alimkuta dada yake kibarazani, amekunja mikono, ana njaa na hasira.

Nimempigia Careen nimwombe awafute. Akasema kilichoandikwa kwenye mnyororo wa Tone, yaani daftari la hiyo sarafu, hakifutiki, kinaongezewa tu. Nimeuliza tuongeze nini. Akasema yeye ndiye aliyetaka kuniuliza mimi. Sauti yake haikuwa ya Jumatatu.

Mama sasa ni wa Jumapili. Jumapili hatufungui maji, sisi ni Walutheri. Kwa hiyo ni Jumatatu ya wiki ile nyingine.

Ijumaa, 9 Januari

Nimelala vibaya lakini nimeamka na jibu. Zana ya kufunga pochi! Ilikuwa imekaa pale muda wote, haijaandikwa, inaning'inia kama ufunguo kwenye msumari.

Nani wamemzuia mama? Waongo. Nani kinara wa waongo? Mzee Melkizedeki. Na Mzee Melkizedeki ana kesi kwenye baraza la kata dhidi ya Mzee Zebedayo, kuhusu mbuzi aliyekula mahindi, mbuzi mwenyewe alishaliwa zamani na wote wawili waliila ile nyama. Basi nimeandika: pochi ya mgomvi ifungwe. Mfano: mtu mwenye kesi inayoendelea.

Safi kabisa! Wagomvi wanatoka, mama anapanda. Hakuna jina, hakuna tusi. Hata mchungaji angeweka saini.

Nimempelekea Loth dukani kwake mwenyewe ili nione uso wake. Alisoma huku anafotokopi vyeti vya mtu. Kisha akaniuliza, taratibu, kama namjua mtu yeyote Kwa Mzava ambaye hana kesi. Nilicheka. Nilimwambia huo ndio utani wa watu wa Dar kuhusu Wapare, hatupaswi kuurudia wenyewe. Akasema hatanii. Nikamwambia anaona wivu. Akapeleka kwa Careen, na nasikia aliongeza neno la tahadhari. Careen yuko safarini, simu yake haipatikani, na mfumo unaanza rasmi Jumatatu. Kwa hiyo nimeshinda.

Nilipokuwa natoka, Loth kasema kesho ni msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wa kutoa tope kwenye ndiva. Anapanda na jembe kwa niaba ya nyumba yao. Goti la mama mkubwa ni bovu, kasema, akimaanisha mama yangu, kwa hiyo kama mimi nina kazi, atachimba na sehemu yetu.

Niandike wazi, nisije nikasingiziwa baadaye. Kwa desturi, nyumba isiyotoa mtu siku ya tope haipati maji mzunguko huo. Hiyo ni sheria ya Mzee Zebedayo na babu yake. Lakini kuanzia Jumatatu maji yanagawiwa na wakala, na wakala hajui tope. Sijamwandikia tope! Nimemwambia Loth asante sana, nyumba yetu iko kwenye mfumo, haihitaji jembe la mtu. Alinitazama kidogo kisha akaendelea kubana karatasi.

Jumamosi, 10 Januari

Asubuhi mama kapiga. Pembe imeshapulizwa, watu wanashuka na majembe, wanaimba. Aliuliza niko wapi njiani. Nikasema siko njiani, niko kazini, kwa ajili yake. Akasema basi amwombe Loth, amemwona anapita na jembe. Nikamkataza. Nikamwambia atatudhalilisha. Mwandishi wa Nyaraka aazime mikono ya Mjaribu!

Nilisikia pembe kwa mbali ndani ya simu yake. Kisha akasema sawa mwanangu, wewe ndiye unayejua.

Nimeshindwa kufanya lolote siku nzima. Nimekwenda stendi kutazama mabasi. Nimenunua chapati, nimempa mbwa nusu. Nimerudi, nimefungua zana, nimebadilisha alama ya mkato, nimeirudisha. Milima inaonekana vizuri sana leo kutoka hapa mjini, unaweza kudhani unaona watu.

Jumatatu, 12 Januari

Mfumo umeanza.

Kabla ya kufungulia maji, wakala amewauliza wakulima wote: Je, una kesi inayoendelea? Ungefikiri watu watadanganya. Walidanganya kuhusu wake zao! Lakini Mpare kukana kesi yake? Wamejibu wote, kwa fahari, kwa urefu. Mtu wa kitochi, asiyejua kuandika meseji ya salamu, ameandika historia ya mpaka wake tangu Mjerumani. Wengine wametaja na kesi ambazo bado hawajazifungua. Mzee Melkizedeki ana mpya: Mama Agape amemshtaki barazani kwa kumzulia kifo.

Wakala amefunga pochi zote.

Zote isipokuwa moja. Bi Mwanahalima, mfanyabiashara wa Makanya, amekodi kipande cha nyanya pale chini tangu Oktoba. Ni mgeni, hajapata nafasi ya kugombana na mtu. Mzunguko mzima umehamia kwake! Mzee Zebedayo alipata ujumbe afungulie maji kwa Mwanahalima, akafungua. Baadaye ujumbe tena: Mwanahalima. Akafungua tena. Alitii kwa uchangamfu wa mtu anayetamani jambo liharibike mpaka mwisho.

Bi Mwanahalima alinipigia mwenyewe, kwa heshima zote. Alisema anashukuru, Mungu atatulipa, lakini nyanya zake sasa zinaogelea na ndala zake zimechukuliwa na maji, je, huyo kijana wakala anaweza kuambiwa inatosha?

Nilikuwa bado sijaona orodha, nikajifariji kwamba angalau mama hana kesi. Nikampigia nimwambie anakaribia kupata maji. Akasema pochi yake imefungwa. Nikasema haiwezekani. Akasema kwani nimesahau kesi yake ya mparachichi wa mpakani, na baba mdogo, baba yake Loth? Amemjibu wakala kwamba anayo na atashinda.

Kweli. Karatasi ya mashtaka niliiandika mimi. Kwa mwandiko wangu mzuri.

Jumanne, 13 Januari

Careen kaja kutoka Moshi. Nilipanda na bodaboda hadi njia ilipoisha, kisha kwa miguu. Viatu vya ofisini havifai.

Kijiji kizima kilikuwa ukingoni mwa ndiva, ambayo imejaa na kupendeza, haina tope hata chembe. Careen alisimama kwenye jiwe na kusoma maelezo yangu kwa sauti kutoka kwenye simu yake. Yote. Mjane mwenye maharage yaliyotoa maua. Aliyezidi umri atangulie. Mtu mwenye kesi. Alipomaliza, hakuna aliyeuliza yanamhusu nani. Wote waligeuka wakamtazama mama. Mama alikuwa anatazama maji.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilijaribu kueleza kwamba lugha ya nyaraka ni pana. Mzee Zebedayo akasema atashtaki. Akaulizwa atamshtaki nani, akasema wakala. Careen akaeleza kwamba wakala si mtu, hawezi kusimama barazani. Mzee akauliza kama wakala alitunga hayo maneno au aliandikiwa. Nikajikuta nafunga kamba za viatu ambavyo havina kamba.

Uamuzi ukatoka haraka, nadhani kwa sababu wote walikuwa na njaa ya maji. Pochi ziwekwe pembeni msimu huu. Maji yaende kwa desturi, kwa nyumba zilizoshika jembe Jumamosi, kuanzia mchana huohuo. Wakaanza kutaja nyumba. Walipofika kwa Bi Ernesta, wakairuka.

Hapo Loth akasimama. Alisema alitaka kuchimba kwa nyumba mbili na akakataliwa, kwa hiyo anaomba zamu ya kwao igawanywe, nusu iende kwa mama mkubwa. Baba mdogo, ambaye mama anamshtaki, akasema yeye anakubali. Kidogo watu wakalainika. Lakini Mzee Zebedayo alitikisa kichwa. Akasema leo akilainika kwa mjane mwenye maharage ya maua, basi wajane wenzake ndio hawa wamesimama, na kuna hata wagane wapya nyuma yao. Wakacheka. Hata Mama Agape alicheka. Mama hakucheka wala hakubisha. Alisema sawa, desturi ni desturi, na nyumba yake haikutoa mtu.

Niliumia. Naandika hili kwa sababu hakuna atakayelisoma. Niliumia kwenye kifua, mahali hasa, na nikataka mtu anigombeze, na hakuna aliyenigombeza.

Alhamisi, 15 Januari

Bado niko juu kwa mama. Jana na leo nimebeba maji kwa madumu kutoka kijitoni. Nilipanga kumwagilia shamba zima. Nimefika mstari wa pili. Udongo unakunywa na kuomba tena. Nilifunga madumu mengine kwenye bodaboda ili kuharakisha, ikaanguka kwenye mfereji wa Mzee Melkizedeki, mwenye bodaboda anataka kunishtaki na Mzee Melkizedeki anataka kumshtaki mwenye bodaboda.

Maua yamedondoka. Yamelala chini ya mashina, meupe, ukiyashika yanasagika.

Leo ni Alhamisi. Ndiyo siku iliyokuwa zamu ya mama tangu mwanzo, kabla sijaisogeza. Mashamba ya jirani, kwa wale waliopata maji Jumanne, yamesimama vizuri. Sitaki kulizungumzia.

Jumapili, 18 Januari

Kanisani. Mchungaji aliwaombea wanawake wote wa Kwa Mzava walioripotiwa kufariki. Wakasema amina.

Careen ametuma ujumbe. Majaribio yangu yamekwisha. Loth ataandika upya nyaraka zote kwa ajili ya msimu ujao, na sehemu ya kwanza aliyoandika ni tope. Siku ya tope, nani alikuja, nani alimchimbia nani. Careen kaisifu. Jambo la wazi kabisa! Mtu yeyote angeliandika.

Baada ya ibada mama alipika makande. Nimekuwa nayawaza makande ya mama tangu Krismasi. Nikaletewa sahani. Mahindi. Nikageuza kwa kijiko, chini kulikuwa na mahindi. Nikauliza maharage yako wapi.

Mama akasema yako kwenye mfumo.

Hakusema kwa ukali. Alikaa akala mahindi yake, punje kwa punje, kama siku nyingine yoyote, na mimi nikala yangu. Yanakauka mdomoni. Mwaka ndio kwanza umeanza.

Baadaye Loth kapita. Kaleta mbegu za maharage ndani ya kitenge kidogo, kutoka kwa mama yake, za kupanda masika. Mama alizipokea kwa mikono miwili na kumwita mwanangu. Mwanangu! Mbele yangu. Kisha wakaongea kwa muda kuhusu kesi ya mparachichi na jinsi itakavyokwenda, kwa furaha, kama watu wanaopanga harusi. Mimi nilikuwa naosha sahani. Mtu anayeleta mbegu mbele za watu anatafuta sifa tu.

Jumatatu, 19 Januari

Nimerudi Same. Upepo uleule. Nimezunguka chumba, nimetoka, nimerudi, nimejaribu kulala mchana, nimeamka. Halafu limenijia nikiwa nimeshika chai, na nimemwaga chai.

Kesi!

Tulikosea bidhaa. Maji ni ya msimu, kesi ni za mwaka mzima. Kwa Mzava nzima imemwandikia mashine historia zake bila kuombwa mara mbili. Watu hawa hawahitaji wakala wa maji. Wanahitaji wakala wa mashtaka! Kila mtu na pochi yake, sarafu inaitwa Haki. Haki moja, shauri moja. Wakala anafungua kesi, anakumbusha tarehe, anakata rufaa. Nyaraka zitaandikwa na nani? Na mtu mwenye uzoefu. Nimekwisha kumwandikia Careen. Hajajibu, bila shaka anatafakari. Nimemwandikia na Mzee Zebedayo. Yeye amejibu papo hapo, anataka pochi mbili.

Sijasubiri. Nimeanza na zana ya kwanza, zana ya kufungua shauri. Inafanya nini, itumike lini, isitumike lini. Yote yametiririka. Nikafika kwenye mfano.

Safari hii natumia mfano wa kweli, na majina. Nimegundua kwamba kosa langu lilikuwa kuficha majina. Nimeandika: Mlalamikaji, Bi Ernesta, mjane, wa Kwa Mzava. Shauri: maharage yake ya mwaka mzima yamekauka kwa uzembe wa mtu mwingine. Mshtakiwa.

Hapo nikakwama. Ni nani hasa aliyesababisha maharage ya mama yakauke? Nimefikiri kwa uaminifu wote. Nimepitia shajara hii tangu ukurasa wa kwanza, siku moja baada ya nyingine, nikitafuta jina linalojirudia.

Nimelipata. Nimeandika: Loth.